Gesi Inavuja Jikoni: Cha Kufanya na Namna ya Kupata Inapovujia

Mwongozo huu ni wa gesi ya mtungi, yenye rigaleta (kifaa cha mdomoni mwa mtungi kinachopunguza mgandamizo wa gesi) na mpira hadi kwenye jiko.

1. Iamini pua, lakini ya mara ya kwanza tu

Gesi yenyewe haina harufu. Ile ya yai viza hutiwa makusudi ili uigundue. Tatizo ni kwamba pua huzoea: ukikaa nayo dakika chache unaona kama imepungua, kumbe gesi ingali inatoka. Mwite mtu aliyekuwa nje anuse, akiwa mlangoni.

2. Usiguse swichi yoyote ya umeme

Usiwashe, usizime. Cheche hutoka kwa vyote viwili, na taa iliyokuwa inawaka iache iwake. Feni, plagi ya friji, tochi na simu pia uviache. Kama swichi kuu ya umeme iko nje kabisa, izime huko.

3. Funga, fungua, toka

Funga valvu ya mtungi kwa mwendo wa saa (rigaleta ya kubana, izime kwa swichi yake), fungua milango, toa watu. Mlango ni bora kuliko dirisha, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni, hujikusanya kabatini chini ya sinki na kwenye mifereji. Hewa yenye takriban asilimia 2 tu ya gesi inaweza kulipuka. Ukisikia mvumo mkubwa, hata valvu usiifuate. Toka, wapigie zimamoto ukiwa mbali.

4. Kutafuta kwa povu

Usianze mpaka harufu iishe kabisa. Na kiberiti hakiingii hapa, hata kwa "kujaribu kidogo tu".

Koroga taratibu kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya vyombo katika nusu kikombe cha maji. Isiwe na amonia, hupasua shaba ya valvu. Usiipige ikatoa povu, maana ukipaka povu hutajua lipi ni la sabuni na lipi ni la gesi. Futa mafuta kwanza, kwenye mafuta sabuni haishiki. Zima jiko lote, mtungi usimame wima, fungua valvu, kisha paka kwa brashi ya rangi. Sponji hukosa vijipembe.

Fuata mtiririko wa gesi: shina la valvu, mahali rigaleta inapokaa, ncha mbili za mpira, mpira wote, mwisho nobu za jiko. Kila sehemu isubiri dakika nzima. Mvujo mkubwa hutoa mapovu mara moja. Mdogo hukusanya vishada vya mapovu madogo kama mayai ya samaki, taratibu, na ndio wengi huukosa kwa haraka. Mpira uupinde unapoupaka, nyufa nyingine hufunguka hapo tu.

Harufu ikianza siku ile ile ulipobadilisha mtungi, usihangaike na mpira. Kwenye mitungi mingi ya rigaleta ya kubana, oringi (raba nyeusi ya duara inayoziba) imo ndani ya kichwa cha mtungi, kwa hiyo kila mtungi huja na yake. Toa rigaleta uangalie: imepasuka, imebonyea, au haipo kabisa? Usiichokonoe kwa kisu. Rudisha mtungi. Kama mapovu hayaonekani popote ila harufu ipo, funga valvu, toa rigaleta, paka mdomo wa valvu. Mdomo huo ukitoa mapovu, mtungi ndio mbovu.

5. Kutengeneza

Mpira hauzibwi kwa selotepu wala gundi. Nunua mwingine wa gesi, si wa maji, wenye mwaka uliochapishwa, na klipu za skrubu. Waya uliokazwa kwa koleo hukata mpira polepole. Kata mpira mfupi, usipite nyuma ya jiko kwenye joto. Kisha rudia hatua ya 4 yote.

Mtungi wenye valvu mbovu ukae nje, wima, kivulini, mbali na mifereji, hadi muuzaji auchukue. Ukiulaza, badala ya mvuke hutoka maji ya gesi, na tone moja hupanuka mara 250 hivi likigeuka mvuke.