Somo: Kupoza inflamesheni ya muda mrefu kwa chakula chetu cha Dodoma

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Somo hili nililitoa Jumamosi kwenye kikundi chetu cha VICOBA, wengi wakaomba niliandike. Mimi ni mtu wa maabara. Kinachoniuma kazini ni kuona mtu anafika na kisukari au presha imeshamharibu, na ukimuuliza unakuta mwili ulianza kulalamika miaka mingi nyuma.

Hatua ya 1: Elewa inflamesheni ni nini

Umeenda kutafuta kuni, mwiba wa mgunga umekuchoma kisiginoni. Kufika jioni pamekuwa pekundu, pamevimba, pana joto na panauma. Dalili hizo nne ziliandikwa na Celsus, Mrumi, karibu miaka 2,000 iliyopita, na mpaka leo ndizo tunazofundishwa. Hiyo ni inflamesheni, na hapo inakusaidia: mishipa midogo ya damu imetanuka ili chembe nyeupe zifike haraka kupigana na vijidudu. Ukiutoa mwiba na kidonda kikasafishwa, baada ya siku chache unasahau.

Ile ya muda mrefu haiko hivyo. Haivimbi mahali ukapaona. Inaungua chini kwa chini kama pumba, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka. Kichochezi kikubwa kwa watu wengi wa mjini ni mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka utumbo na ini. Chembe za mafuta zikijaa kupita kiasi, chembe nyeupe huzivamia kana kwamba pana kidonda, na kemikali za vita huingia kwenye damu saa zote. Polepole kuta za mishipa zinaharibika na insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, inakosa nguvu. Ndiyo maana kitambi, kisukari na ugonjwa wa moyo huonekana mara nyingi kwenye nyumba moja.

Hatua ya 2: Jipime kabla ya kubadili chochote

Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo. Mwanamke akizidi sentimita 80, au mwanaume akizidi 94, aanze kuchukua hatua. Kisha kapime sukari na presha, na umwonyeshe daktari meno. Fizi zinazotoka damu kila ukipiga mswaki nazo ni inflamesheni, tena watu huzipuuza mno.

Kipo kipimo kinaitwa CRP. Ni protini inayotengenezwa na ini pale inflamesheni inapokuwepo. Kinakwambia ipo, hakikwambii imetoka wapi, kwa hiyo usitumie hela yako kukitafuta kama daktari hajakuagiza.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi, homa za jioni, kutoka jasho usiku au kupungua uzito bila sababu, hayo si ya kutibu kwa mlenda. Nenda kapime kifua kikuu na VVU. Vilevile ukiamka vidole vimekakamaa zaidi ya saa nzima na viungo vya mikono yote miwili vimevimba, huenda ni baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kujishambulia. Inahitaji dawa za hospitali mapema kabla viungo havijapinda. Chakula kitasaidia, lakini dawa itabaki dawa.

Hatua ya 3: Acha kuongeza kuni

Soda kwanza. Chupa ya mililita 350 ina sukari inayozunguka gramu 35, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri ikiwezekana mtu mzima asizidi gramu 25 za sukari ya kuongeza kwa siku nzima. Bado hujahesabu chai ya asubuhi na ya saa kumi. Kisha mafuta ya chipsi yaliyokaangiwa tangu juzi mpaka yamekuwa meusi. Sigara na ugoro. Moshi wa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha nao unaumiza mapafu, hata kama hujawahi kuvuta sigara maishani.

Hatua ya 4: Rudi kwenye chungu cha bibi

Ugali wa uwele au mtama usiokobolewa una nyuzinyuzi ambazo sembe nyeupe imepoteza mashineni. Bakteria wazuri wa utumbo huzila nyuzinyuzi hizo na kutengeneza asidi ambazo hulinda ukuta wa utumbo na kutuliza kinga ya mwili. Sisi Dodoma tulikuwa nacho chakula hiki, tukakiita cha njaa. Inanisikitisha.

Mlenda naupika hivi. Nachemsha maji, natia nyanya mbili na kitunguu, vikilainika natia mlenda mkavu uliotwangwa, vijiko vitatu, huku nakoroga kwa mwiko usije ukashika mabonge. Ukianza kuvutika natia karanga zilizosagwa, naacha uchemke taratibu mpaka harufu ya karanga mbichi iishe. Magadi natia punje ndogo kabisa, siku nyingine sitii. Magadi yana sodiamu, yanapandisha presha, na yanaua vitamini za mboga. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa kila mtu.

Karanga chagua moja moja. Yenye ukungu, iliyosinyaa au chungu, tupa, wala usimpe kuku. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, iliua watu hapa Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga nazo hushikwa na ukungu huohuo. Inaharibu ini, na kuipika haiimalizi.

Ongeza dagaa mara mbili tatu kwa wiki kwa ajili ya mafuta ya omega-3, maharage, ubuyu usiotiwa sukari wala rangi, na zabibu msimu wake ukifika.

Hatua ya 5: Tembea, na ulale

Dakika 150 za kutembea kwa haraka kwa wiki, ugawanye unavyoweza. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu na kutoa kemikali za kutuliza inflamesheni. Usingizi usipungue saa saba.

Hatua ya 6: Usizime kelele ukaacha moto

Mama yangu alikuwa anasumbuliwa na magoti. Duka moja la dawa lilimuuzia diklofenaki, dawa ya maumivu, kila alipokwenda, miezi minane, hakuna aliyemuuliza anatumia tangu lini. Siku moja alinipigia simu akasema choo kimekuwa cheusi kama lami. Ilikuwa damu ya tumboni, kidonda kilichosababishwa na zile dawa. Aliongezewa damu chupa mbili. Dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, huumiza tumbo na figo zikitumiwa mfululizo bila usimamizi. Nawaomba sana, mkague mkoba wa mzee wenu.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Kutoka Ipagala: Dada, mimi nakunywa manjano na tangawizi kila asubuhi. Nitapona?

Kama kiungo ni vizuri, endelea. Ila kile kilichomo kwenye manjano hufyonzwa kidogo sana mwilini, pilipili manga huongeza kiasi. Haitashindana na soda mbili za mchana. Vidonge vyenye manjano nyingi usimeze hovyo, vimewahi kuumiza maini ya watu. Na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza.

Kutoka Hombolo: Huku tunalima zabibu. Wanasema divai nyekundu ni dawa ya moyo.

Kaka, kula zabibu na ganda lake. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Divai uza, upate hela ya dagaa.

Kutoka Kikuyu: Nilipimwa CRP ikasoma 14, sijalala tangu hapo.

Pole mdogo wangu. Uliniambia siku ile ulikuwa na homa na koo linauma. Ikizidi 10 mara nyingi ni maambukizi ya wakati huo. Pona, subiri wiki kadhaa, umuulize daktari kama irudiwe.

Kutoka Kibaigwa: Nimeacha soda wiki mbili, magoti yako vilevile.

Wiki mbili ni chache, mama. Tena goti linabeba mzigo: kila kilo moja unayopunguza, goti linapunguziwa karibu kilo nne kwa kila hatua unayopiga. Angalia futi ya kiuno baada ya miezi mitatu, usiangalie wiki ya pili.

Kutoka Chang'ombe: Na mama yako anaendeleaje?

Yuko Chamwino. Diklofenaki hajaigusa tena, daktari alimpa utaratibu mwingine. Baridi ya Julai ikija na ule upepo magoti bado yanamsumbua, lakini asubuhi anatembea na fimbo yake mpaka shambani na kurudi. Uwele anaupalilia mwenyewe.