Jinsi ya kupunguza uchelewaji wa sauti unapopiga kinanda kwenye kompyuta

Unabonyeza kitufe cha kinanda cha MIDI (kinachoiambia kompyuta noti ya kupiga), kidole kimeshainuka, ndipo piano ya kwenye kompyuta inalia. Wimbo wa polepole utauvumilia. Ukiingia kwenye mdundo wa kasi, vidole vinaanza kuisubiri sauti na mpigo mzima unapwaya. Mara nyingi tatizo hili hutibika bila kununua chochote, mradi ufuate mpangilio. Wengi hukimbilia kupunguza bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huandaa mapema) kwanza. Sauti inaanza kukwaruza, wanairudisha palepale, kisha wanailaumu kompyuta. Bafa tutaigusa, lakini zamu yake bado.

Hatua ya 1: Sikiliza kwa waya

Weka kando hedfoni na spika za Bluetooth. Bluetooth peke yake huongeza mara nyingi milisekunde 100 hadi 200, wakati mwingine zaidi, na hakuna mpangilio ndani ya programu ya muziki utakaoziondoa. Usidanganywe na video kuonekana sawasawa kwenye hedfoni hizohizo: programu ya video huichelewesha picha makusudi ili ilingane na sauti. Kidole chako hakiwezi kucheleweshwa hivyo. Sauti inayopitia runinga nayo iepuke.

Hatua ya 2: Chagua draiva sahihi

Draiva ni programu ndogo inayoiunganisha kompyuta na kifaa. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya sauti ya programu yako na uchague ASIO, mfumo wa draiva za sauti uliotengenezwa na Steinberg mwaka 1997. Njia ya kawaida ya Windows huchanganya kwanza sauti za programu zote zilizo wazi, na kuchanganya huko kunakula muda. ASIO hupita pembeni. Kama una kadi ya sauti ya USB, sakinisha draiva ya mtengenezaji wake. Kama unategemea kadi ya ndani, jaribu WASAPI, njia ya sauti ya Windows yenyewe, katika hali ya kipekee (programu yako peke yake ndiyo inayoitumia kadi), au ASIO4ALL, draiva ya ASIO isiyofungwa kwa kadi moja. Hiyo ya mwisho inasaidia sana, ila ujue inafanya kazi juu ya draiva ileile ya Windows, kwa hiyo draiva halisi ya kifaa ikiwepo ndiyo ya kuchagua.

Watumiaji wa Mac wana Core Audio, mfumo wa sauti wa Mac yenyewe, tayari. Wa Linux watumie mifumo ya sauti ya JACK au PipeWire, na wahakikishe akaunti yao ina ruhusa ya kuendesha kazi za sauti kwa kipaumbele cha juu.

Hatua ya 3: Ipunguzie kompyuta mzigo

Laptopu iwe kwenye chaja, na mpango wa umeme uwe ule wa utendaji wa juu. Prosesa inayopunguza kasi ili kutunza betri itakukatia sauti katikati ya noti. Funga kivinjari. Kadi ya sauti ichomekwe kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyo cha USB kinachobeba vifaa vingine.

Kisha zima Wi-Fi na upige tena. Draiva ya mtandao inaweza kuishika prosesa kwa muda mfupi sana, lakini muda huo unatosha kuacha pengo kwenye sauti. Kwenye Windows kuna programu iitwayo LatencyMon: iache ifanye kazi kwa dakika kadhaa huku ukipiga, nayo itakutajia draiva inayosumbua. Naithamini kwa sababu inakuondoa kwenye kubahatisha.

Hatua ya 4: Sasa shusha bafa

Bafa ni kiasi cha sauti ambacho kompyuta huandaa kabla ya kukitoa. Hesabu yake ni rahisi: gawanya idadi ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) kwa kasi ya sampuli (idadi ya vipimo hivyo kwa sekunde). Kwa kasi ya 44,100, bafa ya 512 ni milisekunde 11.6, ya 256 ni 5.8, ya 128 ni 2.9. Draiva na kadi huongeza kidogo juu yake, ndiyo maana programu huonyesha namba kubwa zaidi. Kwa ala za programu, tazama uchelewaji wa kutoka tu. Ule wa kuingia na kutoka unamhusu anayeimba au kupiga gitaa kupitia kompyuta.

Anza na 512. Chagua sauti yenye mshituko mkali, kama ngoma au piano. Sauti za fidla zinazoingia taratibu zitakuficha ukweli. Kanyaga pedali, piga noti nyingi kwa mikono miwili, ziache zilie pamoja. Hakuna mikwaruzo? Nenda 256, kisha 128, kisha 64. Ikianza kukwaruza, panda ngazi moja na ubaki hapo. Usishindane na namba: 128 iliyotulia ni bora kuliko 32 inayokatika. Hewani, sauti husafiri takribani sentimita 34 kwa milisekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 2 kutoka kwako tayari inakuongezea karibu milisekunde 6. Kuisogeza karibu kunaweza kukupa zaidi ya kushuka kutoka 256 hadi 128.

Kupandisha kasi ya sampuli kutoka 48,000 hadi 96,000 hupunguza nusu ya muda wa bafa ileile, lakini huongeza kazi ya prosesa maradufu. Mimi hubaki 48,000.

Hatua ya 5: Kagua plagini

Bafa ikiwa ndogo na bado unahisi uzito, tazama plagini (programu ndogo za kubadili sauti) zilizo kwenye chaneli kuu, ile inayopitisha sauti zote. Limita (kizuizi cha sauti kupita kiwango) inayosoma sauti mapema, au ikwalaiza (kirekebisha sauti nzito na nyembamba) ya fezi mstari, yaani linear phase, hulazimisha kila kitu kisubiri. Zizime wakati wa kurekodi. Traki zilizokamilika zigandishe (freeze) ziwe sauti ya kawaida. Ukifika kwenye kumiksi, rudisha bafa hadi 1024, kwani hapo hakuna kidole kinachosubiri.

Na kama ni ala moja tu inayochelewa huku nyingine zikiitika vizuri, ifungue sampuli yake (hapa ni rekodi ya sauti ambayo ala hiyo hutumia) na uvute mwanzo wa wimbi karibu. Mara nyingine utaona mstari mnyoofu, ukimya wa milisekunde 20 au zaidi, kabla sauti haijaanza. Ukate, au usogeze alama ya kuanzia hadi pale wimbi linapoinuka.