Kununua magemu ya kompyuta Unguja na Pemba: tazama kufuli kabla ya bei

Kabla hujalipa, jiulize jambo moja: siku intaneti haipo, gemu hili litafunguka? Kwetu visiwani swali hilo lina uzito wake. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika kwa pamoja na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadhaa. Umeme nao unavuka bahari kwa waya: wa Unguja unatoka Ras Kiromoni na kuingilia Fumba, wa Pemba unatokea Tanga. Hitilafu ya Disemba 2009 iliiacha Unguja gizani mpaka Machi 2010. Na hata siku ambazo kila kitu kiko sawa, uniti za umeme za Tukuza huisha, router ikazima, laptopu ikabaki na betri yake na gemu linalosema haliwezi kuunganishwa.

Kinacholizuia ni DRM, yaani ile sehemu ya programu inayoomba ruhusa kwenye seva kabla gemu halijafunguka. Hapa tutaiita kufuli. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba duka na kufuli si lazima viwe vya mtu mmoja. Gemu la kampuni ya Ubisoft ulilonunua duka la Epic litakufungulia Ubisoft Connect, programu ya Ubisoft wenyewe. La kampuni ya EA ulilonunua duka la Steam litainstoli EA App nyuma yake. Duka la Humble Bundle mara nyingi hukuuzia msimbo wa kuingiza Steam, kwa hiyo pesa umelipa kwengine lakini kufuli ni lile lile la Steam. Ndiyo maana kulinganisha maduka kwa bei peke yake kunampotosha mtu.

Maduka yenyewe

Steam ya kampuni ya Valve imeanza 2003 na ina bidhaa nyingi sana. Kufuli lake la kawaida ni jepesi: ukishaingia kwenye akaunti na ukalifungua gemu mara moja, hali ya nje ya mtandao inafanya kazi. Tabu huanza pale mtengenezaji anapoongeza kufuli la pili juu yake.

GOG, lililoanzishwa 2008 na CD Projekt ya Poland, linauza bila kufuli. Unashusha faili la kuinstoli, unaliweka kwenye diski, na miaka kumi mbele utaliinstoli kwenye kompyuta isiyojua intaneti ni nini. Programu yao ya Galaxy si lazima. Wateja wake ni wakali katika hili, na wana haki: 2021 GOG lilipoweka Hitman ambalo sehemu zake zilitaka intaneti, malalamiko yalikuwa mengi mpaka gemu likaondolewa. Ukinunua hapo una siku 30 za kurudishiwa pesa, hata kama umeshacheza.

Epic Games Store lilifunguliwa Disemba 2018 kwa kuchukua asilimia 12 ya mauzo, wakati Steam ilikuwa ikichukua 30. Siku chache kabla, Valve ilitangaza kushusha fungu lake kwa magemu yanayouza sana: asilimia 25 baada ya dola milioni 10, na 20 baada ya milioni 50. Usitarajie ushindani huo ushuke moja kwa moja kwenye bei unayolipa wewe, kwani tafauti inabaki kwa mtengenezaji. Faida ya mnunuzi ni magemu ya bure ya kila Alhamisi. Fungua akaunti leo hata kama huna pesa, uyachukue kila wiki. Ukishayachukua yanabaki kwenye akaunti yako.

Lipo pia itch.io, la magemu madogo, mengi yake bila kufuli na mengine bei unapanga mwenyewe. Kwa laptopu ya skuli yenye RAM ya GB 4 hapo ndipo pa kuanzia.

Kulisoma tangazo la gemu

Kwenye ukurasa wa Steam tazama upande wa kulia, chini ya orodha ya huduma. Kikiwepo kisanduku kinachotaja DRM ya kampuni nyengine, kisome neno kwa neno. Kikitaja Denuvo, ambalo ni kufuli la pili la kampuni nyengine, jua kwamba gemu litahitaji intaneti mara ya kwanza na mara nyengine baadaye, na kwamba kwa kawaida lina kikomo cha kompyuta tano kwa siku moja. Kikitaja akaunti ya kampuni nyengine, ongeza paswedi moja ya kukumbuka na seva moja ya kuitegemea.

Halafu nenda tovuti ya PCGamingWiki, andika jina la gemu, tazama jadweli la upatikanaji. Linaonyesha duka kwa duka kufuli gani limewekwa. Utagundua kwamba gemu moja linaweza kuwa na kufuli duka hili na likawa huru duka lile. Cyberpunk 2077 na Stardew Valley yanauzwa Steam na GOG kote kuwili. Tafauti ya bei ikiwa ndogo, sisi tunasema nunua GOG bila kusita.

Jua pia unachonunua. Tangu Oktoba 2024 Steam inaonyesha, wakati wa kulipa, kwamba unapata leseni. Sheria ya California iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2025 inawataka wauzaji waseme hivyo wazi, lakini imewaachia wanaotoa faili la kushusha na kubaki nalo daima. GOG nao kisheria wanauza leseni. Tafauti ni kwamba faili liko mkononi mwako.

Kulipa

Steam na GOG hazina bei kwa shilingi ya Tanzania, utaona dola. Kadi ya benki nyingi huja ikiwa imefungwa kwa malipo ya mtandaoni, kwa hiyo piga simu benki au ingia kwenye aplikesheni yao uifungue kwanza, na uulize kikomo cha siku. Kadi za mtandaoni za huduma za pesa za simu nazo zinafaa. Weka zaidi kidogo ya bei, maana benki hubadilisha kwa kiwango chake na kuongeza ada. Gemu la dola 10 halilipwi kwa salio la dola 10 kamili.

Zima VPN kabla ya kulipa. Steam hutazama nchi uliyopo na kadi yako imetolewa wapi, na kujifanya uko nchi nyengine kwa sababu ya bei ni kuvunja mkataba wao. Anayehama kweli anaweza kubadilisha nchi ya akaunti, ila si zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu.

Wengi wetu tuna ndugu Muscat au Dubai wanaotaka kusaidia. Njia nyepesi ni salio la zawadi la Steam: muwe marafiki kwenye Steam kwa siku tatu kwanza, kisha atume. Kukutumia gemu lenyewe kunaweza kukataliwa iwapo bei ya kwake na ya kwako zimeachana sana.

Usinunue akaunti za kuazima zinazotangazwa kwenye magrupu, zile unazopewa jina na paswedi ukaambiwa ucheze bila kuunganisha intaneti daima. Mwenye akaunti ana risiti ya malipo, na siku akiitaka Steam itamrudishia. Zikiwa za gemu lenye Denuvo, wateja watano wakishalifungua siku hiyo wewe wa sita umebaki mlangoni. Na magemu yaliyovunjwa kufuli yanayonakiliwa madukani: faili likikwambia zima antivirusi kwanza, umeshaambiwa linachotaka kufanya.

Kushusha na kuhifadhi

Piga hesabu kabla. Gemu la GB 60 kwa intaneti ya Mbps 10 iliyotulia linachukua saa 13 na ushei. Kwa Mbps 20, karibu saa 7. Kwenye Steam, sehemu ya "Downloads" ndani ya "Settings" ina mahali pa kupanga saa za kuapdeti; weka saa za bando la usiku, ama sivyo laptopu itakula bando la mchana bila kukuuliza.

Kwa GOG, faili la kuinstoli la gemu kubwa huja vipande: moja la exe na mengine ya bin, hadi GB 4 kila kimoja. Vyote vikae folda moja. Kikikosekana kipande kimoja tu, kazi itakwama katikati. Ukishusha kwa brauza na ukaahirisha mpaka kesho, kiungo huwa kimeshaisha muda na faili linaanza upya. Tumia Galaxy, ambayo ina mahali pa kushusha faili hizo za akiba.

Diski ya nje ifomatiwe kwa mfumo wa NTFS. FAT32 haipokei faili la zaidi ya GB 4, na exFAT huharibika kirahisi umeme ukikatika wakati inaandika. Ukishanakili, hakikisha nakala: fungua dirisha la amri la Windows, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Fanya hivyo kwa faili la asili na kwa nakala, kisha linganisha mistari miwili ya herufi na tarakimu itakayotokea. Herufi moja ikitafautiana, nakili tena. Hewa yetu ya chumvi inakula vichwa vya USB; diski ikae kwenye chombo kinachofunga na kifuko cha kunyonya unyevu, isilale juu ya meza karibu na dirisha.

Mtu wa Wete au Mkoani kule Pemba mwenye intaneti dhaifu hana haja ya kushusha upya gemu ambalo rafiki wa Mjini Unguja analo. La GOG linabebwa kwenye diski na kupanda boti, ilimradi kila mmoja amelinunua lake. La Steam nalo linabebeka: nakili folda ya gemu iliyomo steamapps/common pamoja na faili lake la appmanifest, viweke mahali pale pale kwenye kompyuta ya pili, ingia kwa akaunti iliyolinunua, kisha amuru Steam ikague faili. Itashusha kilichopungua tu. Diski nzuri ya USB 3 inahamisha GB 60 kwa dakika kumi hivi.

Kuliandaa lifunguke bila intaneti

Fanya haya siku intaneti ipo. Subiri gemu limalize kushuka na kuapdeti. Apdeti iliyokwama nusu ndiyo sababu kubwa ya Steam kukataa kulifungua ukiwa nje ya mtandao. Lifungue mpaka menyu kuu, kila gemu peke yake, kwa kuwa mara ya kwanza ndipo linapoinstoli vifaa vyake na kuchukua kibali cha kufuli. Funga. Kwenye menyu ya Steam bonyeza "Go Offline". Sasa zima router, izime kompyuta kabisa, iwashe, ujaribu tena. Jaribio bila kuzima kompyuta halithibitishi kitu.

Likikataa, tazama saa ya kompyuta kwanza. Kompyuta kongwe za mezani zikikatikiwa umeme hurudi tarehe ya miaka iliyopita, na saa ikikosea, kuingia kwenye akaunti kunashindikana na vibali huonekana vimeisha. Dawa ni betri ndogo ya duara ya CR2032 kwenye bodi mama.

Hatari nyengine inakuja intaneti inaporudi. Umecheza siku tano nje ya mtandao, unaunganisha, Steam inakuuliza ubaki na sevu ya kompyuta au ya wingu, yaani ile iliyo kwenye seva zao. Soma tarehe zote mbili. Ya kompyuta ndiyo mpya. Ukibonyeza ya wingu kwa haraka, siku tano zimefutika. Ukiwa na shaka, funga dirisha, nakili folda ya sevu kwenye diski, ndipo ujibu. Mahali pa folda hiyo pameandikwa PCGamingWiki.

Mpira

Hapa hakuna njia nzuri. EA Sports FC halipo GOG, na kwa kompyuta linakuja na EA App na Denuvo popote unapolinunua. eFootball ya Konami ni bure, lakini inategemea seva zao. Septemba 2023, baada ya EA na FIFA kuachana, FIFA 23 na matoleo kadhaa ya nyuma yaliondolewa madukani. Waliokwishanunua wakaendelea kuyashusha. Yaliyowakuta wanunuzi wa The Crew, gemu la mbio za magari, ni mabaya zaidi: Ubisoft ilizima seva tarehe 31 Machi 2024, na hata mtu anayecheza peke yake hakuweza tena kulifungua. Hapo ndipo ilipozaliwa kampeni ya Stop Killing Games ya mtengeneza video Ross Scott, inayopinga magemu yaliyokwishanunuliwa kuzimwa.

Ukilitaka la EA hata hivyo, linunue Steam siku intaneti iko imara. Urejeshaji wa pesa una masharti mawili kwa pamoja: siku 14 tangu kununua na chini ya saa 2 za kucheza. Liinstoli, ingia EA App, fungua mchezo mmoja wa kucheza peke yako, funga, zima router, washa upya, jaribu. Yote hayo yaishe ndani ya saa moja. Likikataa, omba pesa siku hiyo hiyo, na kama ulilipa kwa kadi ya mtandaoni uliyokwishaifunga, chagua zirudi kwenye salio la Steam.