SOMO: Zulia la kale la mkono, namna ya kulikagua kabla hujalipia

Naulizwa jambo moja kila mara, tena kwa picha: "Hili ni la kale kweli?" Picha ya uso wa zulia hainiambii kitu. Nimeandika yote hapa. Someni, mwende nayo Kampala, Entebbe au popote watu wanapouza vyombo wakihama.

1. Pima chumba kabla hujatoka nyumbani.

2. Ligeuze. Zulia la mkono linaonyesha maua yale yale nyuma, na mafundo yake hayalingani sawasawa. La mashine limenyooka kama mistari ya daftari. Matamvua ya la mkono ni ncha za nyuzi za mtande zenyewe, yaani zile za urefu zinazoshikilia mafundo. Ukiona yameshonewa, uliza kwa nini.

3. Omba unyuzi mmoja uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika. Plastiki huyeyuka ikawa tone gumu.

4. Rangi. Hapa msikimbie. Mwaka 1856 Mwingereza William Perkin alitengeneza rangi ya zambarau ya kemikali, na baadaye rangi za namna hiyo zikawafikia wafumaji wa Uajemi na Uturuki. Nyingi za mwanzo zilipauka upesi au kuchuja. Kwa hiyo zulia linaweza kuwa na miaka 100 ya kweli na rangi yake bado ikawa mbovu. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba, kibonyeze dakika chache juu ya kila rangi, nyekundu kwanza, mbele na nyuma. Kikitoka na rangi, liache. Langu la kwanza sikulijaribu hivyo. Lilipooshwa, wekundu ukaingia kwenye weupe na hakuna fundi aliyeweza kuutoa. Msitumie kitambaa kikavu. Msiridhike na kona moja, maana sehemu zilizochakaa wakati mwingine hupakwa wino kuficha mtande. Kisha fungua manyoya kwa vidole: ncha zikiwa zimepauka ghafla huku mashina yakiwaka rangi kali, jua limekula rangi dhaifu. Rangi nzuri za mimea, kama nili, hufifia taratibu kutoka shina hadi ncha.

5. Kunja kona polepole ukitega sikio. Ukisikia nyuzi zinakatika, pamba ya ndani imeoza kwa unyevu. Halitengenezeki kwa bei ya maana.

6. Tafuta dalili za nondo, wadudu wanaokula sufu: vipara, na vifuko vyeupe vya utando upande wa nyuma.

7. Bei. Wafanyabiashara wengi huita "la kale" lililofikisha miaka 100. Cheti cha muuzaji peke yake hakithibitishi umri. Bei hutokana na hali, ukubwa na asili.

8. Ukishalinunua, usiwapelekee vijana wanaoosha magari. Maji ya mashine na sabuni ya unga huua sufu. Vumbi jekundu la maramu nalo hukata manyoya kwenye shina, kwa hiyo ligeuze ulipige kwa nyuma mara kwa mara.

MASWALI

Baba Ntinda: Zulia la kale ni shilingi ngapi?
Jibu: Ukubwa gani? Hali gani? La wapi? Hatua ya 7.

Kijana wa Jinja: Nimejaribu kona moja, halijachuja. Nilipe?
Jibu: Nimeandika kona moja haitoshi. Kila rangi.

Kijana wa Jinja: Muuzaji ni mtu wa dini, mwalimu. Naona aibu kumpimia.
Jibu: Sijasema anadanganya. Huenda naye aliuziwa hivyo hivyo. Mwombe kwa adabu. Akikataa maji, ondoka.

Binti Kibuli: Shikamoo mwalimu. Bibi yangu aliniachia msala wa sufu wenye mihrabu. Nyekundu yake ina mapande, huku imeiva, huku imefifia. Ni ubovu?
Jibu: Marahaba mwanangu. Hapana, si ubovu. Sufu ilitiwa rangi kidogo kidogo. Fungu moja likiisha, linalofuata halitoki sawa. Wenye kazi hii huyaita mapande hayo abrash, na wengi tunayapenda. Asije fundi akakusawazishia kwa rangi mpya. Tazama pia mahali pa magoti na paji la uso: uchakavu wa hapo ni wa ibada, uache.

Binti Kibuli: Naweza kuutundika ukutani?
Jibu: Unaweza, mbali na jua la dirishani. Usipigilie misumari. Shona mkanda mpana wa pamba nyuma, upitishe mti humo, uzito ugawanyike.

Mama Arua: Nondo mimi nawaua kwa friza, wala sipulizi dawa.
Jibu: Ahsante mama, ni njia nzuri kwa zulia dogo. Liwe kavu kabisa, lifungwe kwenye plastiki hewa isiingie, likae wiki mbili kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika likayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukilitoa, usifungue plastiki mpaka lipate joto la chumba, umande ubaki nje.