Kujiondoa Kwenye Ajira Uliyokwisha Kuikubali

Ukitambua kwamba hutaweza kuanza kazi uliyoikubali, soma kwanza ulichotia saini. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka taarifa ya maandishi isiyopungua siku 7 iwapo mkataba unasitishwa ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira, na mkataba wenyewe unaweza kudai muda mrefu zaidi.

Kama ulikwisha kujiuzulu kwa mwajiri wako wa sasa, pata kwanza maandishi yake kwamba unabaki.

Kisha mpigie ofisa rasilimali watu wa mwajiri mpya siku hiyohiyo, kwa kuwa kadiri unavyochelewa ndivyo msailiwa aliyekufuatia anavyozidi kupata pengine. Baada ya simu, tuma barua fupi: “Nasikitika kukuarifu kwamba, baada ya kutafakari upya, sitaweza kushika nafasi ya mhasibu niliyoikubali tarehe 3 Machi. Naomba radhi kwa usumbufu.” Sababu moja ya kweli yatosha, ugonjwa wa kubuni, katika miji yetu ambamo wahasibu wote wanajuana, haufichiki. Ikiwa ulipokea kompyuta au fedha za kuhamia, taja siku utakayovirejesha.