Unanunua santuri mpya? Soma hii kabla hujatoa hela

Santuri mpya bei imechangamka sana siku hizi, sahani moja inaenda dola 25 mpaka 40 huko Marekani na Ulaya, na sisi tunaoagizia Dar au Nairobi bado hatujaongeza usafiri, ushuru na VAT (Kenya 16%, Tanzania Bara 18%), kwahiyo ukichagua vibaya inauma kweli. Mimi nakushauri kitu kimoja tu, lipia kazi ya fundi aliyeikata (anayechonga mifereji ya sauti ambayo sahani zote zinachapwa kutokana nayo) na kiwanda kilichoichapa, usilipie stika.

Stika ninayoisema ni ile ya "gramu 180". Sahani ya kawaida ina gramu 120 hadi 140 hivi, hiyo nzito haipindi kirahisi na ukiishika inapendeza, basi, sauti haiongezeki kitu kwa sababu ya uzito. Sahani za rangi nazo nyingi siku hizi zinalia vizuri tu, ila zile zenye picha ndani ya sahani yenyewe, mifereji inakaa kwenye plastiki nyembamba juu ya picha na inachakacha mwanzo mwisho, hizo nunua za kutundika ukutani.

Sasa cha kuangalia. Kwanza ulizia wamenakili kutoka wapi, tepu mama (ile ya kwanza ya studio) au faili la dijitali. Dijitali si dhambi jamani, mwaka 2022 ilijulikana kwamba Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani inayotoa upya albamu za zamani kwa wapenda sauti nzuri, walikuwa wanapitisha tepu kwenye hatua ya dijitali muda tu, na watu wenye masikio makali walikuwa wanazisifia hizo hizo sahani. Shida ni lebo, yaani kampuni inayotoa sahani, isiyosema chochote kabisa, hapo mara nyingi wamechukua faili la CD wakalichapa. Kwa muziki wetu wa zamani ni tofauti kidogo, tepu nyingi zilipotea kwahiyo matoleo mengi yananakiliwa kutoka sahani zenyewe za 45 (zile ndogo za wimbo mmoja kila upande), usitegemee ukimya kati ya nyimbo, angalia kama lebo inaeleza sauti waliisafishaje na kama wanamuziki au familia zao wamelipwa. Lebo ya Soundway ya Uingereza walipotoa Kenya Special, mkusanyiko wa nyimbo za zamani za Kenya, mwaka 2013 walifanya watu wasikie nyimbo ambazo nakala zake za kwanza kuzipata ni kazi, na hiyo ndiyo thamani yenyewe.

Pili, nani kaikata. Ile sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo ya katikati, ilaze kwenye mwanga utaona herufi zimechongwa, ni alama ya fundi, Kevin Gray anaandika KPG@CA, Bernie Grundman BG. Kama unaagiza mtandaoni, fungua Discogs (tovuti inayoorodhesha na kuuza santuri) utafute toleo lenyewe kwa namba yake ya katalogi, siyo albamu kwa ujumla, maana albamu moja inaweza kuwa na matoleo kibao na yote yanalia tofauti. Mfano mzuri ni Blue Note, lebo ya jazz ya Marekani, albamu zao za zamani wanazitoa upya kwa mifululizo ya Tone Poet na Classic Vinyl, zote anakata Kevin Gray, Tone Poet inachapwa kiwanda cha RTI California na kava lake ni gumu zuri la kufunguka, Classic inachapwa kiwanda cha Optimal Ujerumani na bei iko chini vizuri tu. Ukitaka muziki chukua Classic, hela inayobaki ongezea sahani nyingine.

Angalia pia dakika. Upande mmoja ukizidi 25 lazima wapunguze sauti na besi ili mifereji itoshee, ndo maana albamu ya saa nzima iliyobanwa kwenye sahani moja inalia kinyonge.

Kuhusu bei, usiangalie muuzaji anaomba ngapi, angalia zilizouzwa kweli zimeuzwa ngapi, Discogs wanaonyesha. Na "toleo maalum" lisikutie presha, lebo ikiona linatafutwa inachapa tena na bei inashuka, ukinunua kwa kutegemea faida utalia.

Ikifika icheze yote pande zote mbili kabla muda wa kurudisha haujaisha, usiishie wimbo wa kwanza. Tazama mkono wa pleya, ukiyumba kushoto kulia kila mzunguko ujue tundu halipo katikati, na noti ndefu za saksafoni zitakuwa zinapepesuka. Ukisikia mlio kama karatasi inachanwa, mahali pale pale kila ukirudia, plastiki haikujaa kwenye mfereji, ukimulika tochi ya simu utaona kipande kimefifia kama kijivu, hiyo haisafishiki, rekodi video uombe nyingine. Ila vichakacho vidogo vidogo hapa na pale usikimbilie kulalamika, sahani mpya inakuja na vumbi la karatasi ya mfuko wa ndani, isafishe kwanza halafu uihamishie kwenye mfuko laini wa plastiki, zile za karatasi zinakwaruza kila unapoitoa.