Kupanga Apatimenti Masaki, Oysterbay na Mikocheni: Hatua kwa Hatua

Mimi ni dalali wa nyumba katika ukanda wa kaskazini wa Dar es Salaam, na wateja wengi wanaonifikia wanatafuta apatimenti yenye ulinzi, lifti, jenereta na maegesho, kwa kodi ambayo mshahara wao unaweza kuibeba. Nyumba hizo zipo. Wapangaji wengi huumia kwa sababu wametoa pesa kabla ya kujua gharama kamili na kabla ya kuthibitisha anayezipokea ni nani, kwa hiyo mfuatano wa hatua hizi unalenga kuiweka pesa mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Chagua eneo kwa kuangalia kazi yako na mvua

Anayefanya kazi Posta atafaidika na Masaki au Oysterbay, hasa tangu Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022 na kupunguza ule msongamano wa Daraja la Selander. Anayekwenda Mwenge au Ubungo kila asubuhi afikirie Mikocheni, ambako kodi pia huwa na unafuu. Ukiweza, tembelea mtaa wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, kwa kuwa Msasani Bonde la Mpunga na baadhi ya mitaa ya Mikocheni hujaa maji, na lango zuri halikusaidii kitu ikiwa gari haliwezi kulifikia.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya pesa yote ya kuingilia

Tuchukue mfano wa apatimenti ya shilingi 2,000,000 kwa mwezi, mkataba wa mwaka mmoja, mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi 6. Kodi pekee ni 12,000,000. Ongeza amana ya mwezi mmoja, 2,000,000, na udalali ambao kwa desturi ya jiji hili ni kodi ya mwezi mmoja, 2,000,000 nyingine. Ada ya huduma, yaani walinzi, usafi, lifti na mafuta ya jenereta, ikiwa ni 300,000 kwa mwezi, kwa miezi 6 inafika 1,800,000. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, yaani 240,000. Jumla ni shilingi 18,040,000, wakati mteja alikuja akiwa na milioni kumi na mbili kichwani. Muulize dalali mapema, kabla ya kwenda kuona chochote, udalali wake unalipwa na nani na ada ya huduma inagharimia nini hasa, kwa sababu kuna majengo ambayo mafuta ya jenereta hudaiwa kando.

Bei ikitajwa kwa dola, omba itajwe kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kutangaza na kutoza bei kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani ya nchi. Hakikisha kiasi cha shilingi kinaandikwa kikiwa kamili, bila kifungu kinachokibadilisha kila dola inapopanda.

Hatua ya 3: Kagua nyumba kwa mikono yako

Hapa usione haya kuchukua saa nzima. Anza na maji, kwa kuwa majengo mengi ya rasi ya Msasani hutegemea visima, na maji ya visima hivyo mara nyingi huwa na chumvi. Fungua bomba la jikoni, acha litiririke kidogo, kisha nawa kwa sabuni: povu likikataa kutoka, chumvi ni nyingi. Angalia pia ukoko mweupe kwenye bomba la mvua na kutu chini ya hita, maana chumvi huacha alama hata pale rangi ya ukuta ikiwa mpya. Uliza kama jengo limeunganishwa na maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, tangi la jengo lina ujazo gani, na maji yakikatika nani analipia boza.

Upande wa umeme, thibitisha kwamba apatimenti ina mita yake ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, na kama ni mita ndogo inayosomwa na msimamizi wa jengo, uliza uniti moja anaiuza kwa bei gani. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo, ile inayokwenda serikalini na si ya pango, hukatwa kupitia LUKU, na mita iliyokaa miezi bila kununuliwa umeme huwa imelimbikiza deni ambalo litakatwa siku utakaponunua mara ya kwanza. Kodi hiyo ni jukumu la mwenye jengo, hivyo mkubaliane mapema jinsi atakavyokurudishia. Mwombe msimamizi awashe jenereta ukiwepo, uone kama linabeba viyoyozi au taa tu. Rudi tena usiku, kwa sababu baadhi ya mitaa ya Masaki ina kumbi za muziki ambazo mchana huwezi kuzitambua.

Hatua ya 4: Mjue mwenye nyumba

Hii ndiyo hatua ambayo wateja huiruka, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Omba kuona kitambulisho cha NIDA na nakala ya hati; kwa mujibu wa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, apatimenti moja inaweza kuwa na hati yake. Kwa kodi kubwa, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani kuangalia kwenye kumbukumbu zake nani ndiye mmiliki. Anayejitambulisha kuwa ndugu wa mwenye nyumba aonyeshe hati ya uwakilishi, na ikiwa mwenye nyumba amefariki, anayepangisha aonyeshe barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Pita pia ofisi ya serikali ya mtaa, kwani mwenyekiti mara nyingi anamjua mwenye jengo. Matapeli hupanga nyumba kwa muda mfupi, kisha huipangisha kwa watu kadhaa wakijifanya wenye mali.

Hatua ya 5: Soma mkataba, kisha lipa

Mkataba ueleze muda, kodi, masharti ya kuirejesha amana, kiwango cha juu cha kupandisha kodi, muda wa notisi, na nani anatengeneza viyoyozi na pampu. Anayelipiwa kodi na kampuni akumbuke kwamba kampuni hukata asilimia 10 ya pango hilo, iitwayo kodi ya zuio, na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA), jambo ambalo mwenye nyumba alijue kabla ya kusaini ili asije akadai kwamba amelipwa pungufu. Lipa benki, katika akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba, na udai risiti.

Hatua ya 6: Pokea funguo kwa maandishi

Siku ya kukabidhiwa, pitia chumba kwa chumba pamoja na msimamizi, mkiandika kila kifaa na kila kasoro. Piga picha za kuta, sakafu, hita na namba za mita za umeme na maji, kisha wote wawili msaini orodha hiyo na kuiambatanisha na mkataba. Amana yako utakapohama itadaiwa kwa kutumia karatasi hiyo.